Duara la Inchi Saba

Mwaka ule nilichoka mpaka kivuli changu kikawa kinatangulia nyumbani kulala, mimi nakikuta kinakoroma. Mchana nilikuwa napima mbao katika yadi moja ya Pongwe, mbao zinazoingia na mbao zinazotoka, kiasi kwamba zikipangwa zote kwa urefu nadhani zingefika mwezini na kubaki za kujengea kibanda. Jioni nikirudi chumbani kwangu mjini Tanga nilikuwa na bwana wa pili wa kumtumikia: mashine ndogo ya leza.

Asiyeijua aifikirie kama fremu ya meza iliyokosa uso. Juu yake kuna reli, mota za kuzungusha, mikanda ya mpira yenye meno, na kichwa kidogo kinachotembea huku na huko kikitema mwali wa buluu unaounguza mbao, ngozi na kadibodi kwa kufuata picha iliyomo kwenye kompyuta. Si mashine ya kiwandani. Ni ya watu kama mimi, wanaotaka kujifurahisha baada ya kazi, na niliipata kwa mtu aliyekuwa anahama akaona haya kuitupa. Nilikuwa nachora nayo vibao vya milangoni, vishikio vya funguo, na mara moja nilimchorea jirani jina la mbuzi wake kwenye kibao cha shingoni. Katika kazi hizo zote hakuna aliyewahi kuchukua rula. Kibao cha mlango kikipungua unene wa kucha, mlango haulalamiki.

Niseme pia kwamba mimi ni mhitimu wa masomo ya jioni. Elimu yangu niliipata ikiwa imeshapoa, kama chapati ya jana, lakini niliila yote na sahani nikailamba. Ndiyo maana nikisikia neno hesabu mahali popote lazima ninyanyue mkono. Mkono huo ndio ulioniponza.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, anakaa Bweni, ng'ambo ya mto Pangani. Maisha yake yote ameshona kofia za mkono, zile nyeupe zilizojaa viua. Kofia hiyo ina vipande viwili: ukanda unaozunguka kichwa, na duara la juu. Vyote huchorwa kwanza kwa penseli juu ya bafta, kitambaa cheupe cha pamba, na kuchora ni kazi ya mtu mwingine, mchoraji. Mshonaji yeye hufuata michoro, anatoboa vitundu vidogo na kuvizungushia uzi, kimoja baada ya kingine, mpaka nguo inakuwa kama sega la nyuki. Ukanda peke yake unaweza kumla mtu miezi. Vichwa alivyovivika shangazi tangu usichana wake, ukivikusanya pamoja, msikiti wa Ijumaa utajaa na wengine watasali barabarani.

Mwaka ule mwanawe wa pekee, binamu yangu, alikuwa anaoa. Mchumba alipatikana Moa, karibu na mpaka, na akdi ikapangwa baada ya Ramadhani. Shangazi alikuwa ameapa kwamba mwanawe hataingia kwenye akdi na kofia ya dukani wala ya mkono wa mtu. Aliuanza ukanda mapema, akaumaliza, na ukanda ule, wallahi, ulikuwa mzuri mpaka ukiuangalia sana unasikia kizunguzungu. Ila mchoraji wake wa miaka yote alifariki kabla hajachora duara la juu. Na shangazi mwenyewe hakuweza kuchora wala kumwendea mchoraji mwingine aanze upya, kwa sababu macho yake yote mawili yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho. Hospitali walimwambia aje afanyiwe upasuaji. Akawajibu kwamba atakuja harusi ikishapita.

"Nikafungwe vitambaa machoni na kofia iko nusu?" alituambia. "Nikifumbuliwa nikakuta mwanangu kaoa kichwa wazi, si bora nibaki kipofu?"

Tulikuwa tumekaa ukumbini kwake, mimi, yeye na binamu, tunakunywa chai ya tangawizi. Hapo ndipo mkono wangu uliponyanyuka.

"Shangazi, hilo duara nakuletea mimi. Mashine yangu inachora kwa moto. Michoro ya kahawia, utaiona vizuri kuliko penseli. Nitakuletea kabla hiyo chai haijapoa."

Chai ilipoa. Ilipoa, ikamwagwa, vikombe vikaoshwa, na nadhani vingine vikavunjika.

Mwanzo ulikuwa wa kupendeza. Niliupima ukanda kwa futi ya kushonea: inchi ishirini na mbili. Duara lenye mzunguko wa inchi ishirini na mbili lina upana gani? Unagawa kwa ishirini na mbili juu ya saba, unapata saba kamili. Nilikaribia kulia. Miaka yote ya masomo ya jioni nilikuwa najiuliza ile ishirini na mbili juu ya saba ilitoka wapi. Kumbe ilitoka kwenye kichwa cha binamu yangu.

Nikapiga picha maua ya ukanda, nikahesabu yako mangapi, nikachora kwenye kompyuta duara la inchi saba lenye maua hayohayo ukingoni na nyota katikati. Kila ua la duara lilitakiwa likutane na ua la ukanda, kama watu wanaopeana mikono. Ndiyo maana kipimo hakikuwa na mchezo. Duara likiwa dogo, maua yanapishana. Likiwa na urefu upande mmoja, kofia inakaa upande kichwani kama inasikiliza habari za jirani. Nilinunua bafta mpya mjini, nikaibana juu ya ubao kwa pini, nikaweka alama ndogo ukingoni ya kuonyesha mbele, nikawasha mashine. Duara lilitoka zuri, lina rangi kama chai iliyomwagika na harufu kama pasi iliyosahauliwa. Binamu anaendesha kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, analeta nazi Tanga kutoka Mwera karibu kila siku na anapita mbele ya yadi yetu. Nikamkabidhi bahasha.

Siku iliyofuata alisimama getini, injini haijazimwa.

"Mama anakushukuru sana," akasema. "Ila anauliza, wewe unachora au unataga?"

"Kivipi?"

"Limekuja yai, binamu. Masikioni linafika, kisogoni halifiki. Yai la bata kabisa."

"Labda kichwa chako ndicho chenye kona."

"Kichwa changu kimepata mchumba," akasema, akaingiza gia. "Chako kimepata mashine."

Wafanyakazi wenzangu walicheka mpaka mbao zikaanguka.

Jioni ile nilianza kuichunguza mashine. Mtu ukimshuku mpe kazi nyepesi umtazame, basi nikaiamuru inichoree mraba wa milimita mia kwa mia juu ya kadibodi. Nikachukua rula ya chuma. Kushoto kwenda kulia, mia. Mbele kwenda nyuma, tisini na saba. Nilipima tena nikiwa nimekaa, nikapima nimesimama, nikapima na miwani ya jirani. Tisini na saba. Kwa hiyo miaka yote ile vibao vyangu vya milangoni vilikuwa vifupi, na yule mbuzi alikuwa anatembea na jina lililobanwa.

Nikaingia mtandaoni kutafuta dawa. Mtandaoni kila mtu ni tabibu na kila tabibu ana mgonjwa wake aliyepona. Mmoja alisema mkanda umelegea, kaza. Nikakaza mpaka ukawa unalia kama uzi wa gambusi, na mota ikaanza kuruka meno, mraba ukatoka na ngazi pembeni kama gofu. Nikalegeza. Mwingine akasema usihangaike na vyuma, ingia kwenye mipangilio ya mashine, kule kuna namba inayosema mota izunguke hatua ngapi kwa kila milimita; izidishe kwa mia, igawe kwa tisini na saba, mambo yamekwisha. Hesabu hiyo! Nilizidisha, nikagawa, nikachora, na mraba ukatoka mia kwa mia. Nikalala usingizi wa sultani.

Kesho yake niliporudi kazini nikachora mwingine ili nijifurahishe tu. Mia na moja. Kesho kutwa, tisini na nane na nusu.

Hapo nilikaa kitandani nikiwa na viatu. Mgongo unauma kwa mbao za mchana, macho yanauma kwa mwali, na chumba kimejaa miraba ya kadibodi kiasi kwamba nilikuwa natumia mmoja kufunikia sufuria na mwingine kufukuzia mbu. Lakini katika uchovu ule nilielewa jambo moja. Kosa lisilobadilika unaweza kulisahihisha kwa namba. Kosa linalobadilika kila siku maana yake kuna kitu kinacheza, na kitu kinachocheza kinatafutwa kwa bisibisi.

Nilikipata Jumapili, mchana. Kwenye mhimili wa mota kuna puli ndogo ya shaba, ndiyo inayoushika mkanda, nayo inabanwa na skrubu ndogo kuliko punje ya mtama. Skrubu ilikuwa imelegea, imeota kutu ya hewa ya bahari. Kila kichwa cha mashine kilipogeuza mwendo, mota ilizunguka kidogo peke yake kabla puli haijaamka kuifuata. Niliisafisha, nikaikaza, nikairudisha ile namba ya hatua ilivyokuwa mwanzo, maana dawa ya ugonjwa usiokuwepo nayo ni ugonjwa. Mraba: mia kwa mia. Kesho yake: mia kwa mia. Nikaupiga picha nikamtumia binamu. Akajibu kwa picha ya kuku.

Nikachora duara la pili juu ya bafta. Kabla halijaondoka nililipima lingali kwenye ubao: inchi saba kila upande. Binamu akalichukua.

Safari hii shangazi alipiga simu mwenyewe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje? Kazi? Mgongo? Unakula?" Akauliza mpaka hali ya bosi wangu. Halafu akashusha sauti. "Duara nimeliona, baba. Limekaribia. Limekaribia sana."

Mtu wa pwani akikwambia kitu kimekaribia, ujue hakijafika na hakitafika.

"Ni dogo?"

"Si dogo saaana. Na lina uyai kidogo, palepale kisogoni. Lakini ni zuri, baba, mashallah. Na michoro yake inafifia fifia, sijui ni macho yangu haya."

Nilipima tena mraba. Mia kwa mia. Nikapima rula yangu kwa rula ya fundi seremala wa yadini. Zilikubaliana kama ndugu. Nikaishuku pini: labda naivuta bafta ninapoibana, nikiiachia inajikunja. Nikachora jingine bila kuivuta, nimeiegemeza tu kwa vibao. Na kwa sababu alisema michoro inafifia nikazidisha nguvu ya mwali, nguo ikaungua vizuri na chumba kikanuka kama jalala la fundi cherehani. Likaenda.

"Limekaribia," akasema shangazi. "Michoro bado inafifia, lakini usijisumbue, mwanangu, usijisumbue kabisa."

Nikazidisha nguvu tena. Duara lile lilinuka mpaka binamu akaliweka nyuma pamoja na nazi.

Wakati huo siku zilikuwa zinakwenda. Hakuna kinachokimbia kama mwezi unaoungojea Ramadhani. Shangazi alikuwa amesema akipata duara kabla ya mwezi wa Shaabani atalimaliza pole pole bila kuyaumiza macho. Shaabani ikaingia nalo halijapatikana. Nilikuwa nikirudi kutoka Pongwe na vumbi la mbao mpaka kwenye kope, naogelea kwenye ndoo ya maji, nakaa mbele ya mashine na kuitazama. Na yenyewe inanitazama. Sijawahi kumchukia mtu nilivyokichukia kile kichwa kidogo, na kumbe kilikuwa hakina kosa.

Mwishowe nilifanya kitu ambacho mwalimu wangu wa hesabu wa jioni angenichapa. Niliamua kuidanganya mashine. Kama duara linafupika kisogoni, basi nitalichora refu kisogoni, likifupika litakuwa sawa. Sababu nitaitafuta akhera. Nikaongeza urefu upande ule kwa karibu robo inchi. Bafta iliyobaki ilikuwa kipande chembamba kisichoenea vile nilivyozoea, nikakigeuza, nikakilaza ubavu, nikachora, nikatuma.

Binamu alirudi na jibu. Safari hii alizima injini, jambo lililonitisha.

"Mama haongei," akasema.

"Haongei vipi?"

"Anasema 'limekaribia', halafu anakaa kimya. Nimelijaribu mwenyewe. Sasa kisogoni linapitiliza na masikioni ndipo halifiki. Binamu, nakuomba, niambie kweli. Ninunue kofia ya dukani kwa siri? Ya dukani zipo nzuri."

"Umesema masikioni?"

"Masikioni. Yai limelala ubavu."

Niliacha tepu ya yadi ikajirudisha yenyewe, ikanipiga kidole. Mashine haikuguswa. Skrubu ileile, mkanda uleule. Kama mashine ndiyo iliyokuwa inafupisha kisogoni, ingeendelea kufupisha kisogoni. Kitu nilichokigeuza ni nguo. Nguo imegeuka, na yai likageuka pamoja nayo. Kwa hiyo yai halikuwa kwenye mashine. Lilikuwa kwenye bafta. Na laiti ningeilaza bafta vilevile kama siku zote, duara lingekuja sawa kwa bahati, na mpaka leo ningekuwa natembea kifua mbele nikijiita fundi.

"Mama yako analifanya nini duara likimfikia?" nikamuuliza.

"Analipokea. Anashukuru."

"Halafu?"

"Mimi naondoka na nazi zangu, nitajuaje?"

Jumapili nilikwenda Pangani bila kutoa taarifa. Nilivuka kwa pantoni nikiwa nimesinzia huku nimesimama, kama punda. Nilipofika kwa shangazi, mlango wa uani ulikuwa wazi, yeye yumo ndani anaosha mchele. Na uani, kwenye kamba ya nguo, kati ya kanga na shuka, yalikuwa yameanikwa maduara yangu. Yote. Yamebanwa kwa vibanio, meupe, yamenyooshwa kwa wanga, michoro imepauka kama barua ya zamani. Chini yake chetezo kimewekwa kwenye kigoda, moshi wa udi unapanda kwenye lile la mwisho.

"Hodi," nikasema, nimechelewa.

Shangazi alitoka na bakuli la mchele. Alinitambua kwa sauti kwanza, kisha akaona ninatazama wapi.

"Karibu, baba," akasema. "Nguo hizo, nimezisuuza tu kidogo."

"Shikamoo, shangazi. Kila moja?"

"Marahaba. Kila moja."

"Kwa nini?"

Aliweka bakuli chini. Akajifunga upya kanga ambayo haikufunguka.

"Zilikuwa zinanuka, mwanangu. Zinanuka moshi. Kofia hii mtu ataingia nayo msikitini, ataketi mbele ya kadhi na wakwe. Na kila nikikwambia michoro inafifia, linalofuata linanuka zaidi."

"Si ungeniambia!"

"Nikwambieje? Umechoka, unarudi kazini kwa watu, unakaa na mashine kwa ajili yangu, unaniletea zawadi. Zawadi ya mtu huinusi mbele yake. Nikaona nitafua, nitafukiza, kimya kimya, usijue."

Nilikaa kwenye ngazi ya uani. Sikujua nicheke au nilale. Nikamuuliza, "Bafta mpya ukiiloweka si inarudi?" Kurudi ndivyo tunavyosema nguo ikijikunyata.

"Inarudi sana. Tena kwa urefu zaidi kuliko kwa upana." Akanikazia yale macho yake yenye ukungu. "Kwani wewe hukuifua kwanza?"

"Kuifua kwanza?"

"Marehemu alikuwa analeta nguo imeshafuliwa, imeshapigwa wanga, imenyooka. Nguo ikishafuliwa mara moja, hata uifue mara mia haikurudii tena. Nikajua wewe nawe unafua. Hakuna mchoraji asiyefua."

"Shangazi, mimi si mchoraji. Mimi napima mbao."

Yeye ndiye aliyeanza kucheka, taratibu, mabega yakitikisika, mpaka akashika nguzo. Nami nikacheka, lakini kicheko changu kilikuwa na uzito wa gunia la chokaa. Nilikuwa nimefungua na kufunga ile mashine mpaka skrubu zake zilikuwa zinanijua kwa harufu. Nimekaza, nimelegeza, nimezidisha, nimegawa. Na muda wote ule nguo ilikuwa inajikunyata kwenye beseni la mtu aliyekuwa ananionea haya. Mimi nilikuwa naongeza moto ili aone, yeye anaongeza sabuni ili asinuse.

Nilirudi mjini, nikarudisha mipangilio, nikanunua bafta, nikaifua kwa sabuni ya mche, nikaipiga wanga, nikainyoosha kwa pasi. Nikachora kwa mwali hafifu. Jioni ya siku ya pili niliipeleka mwenyewe. Shangazi aliipokea kwa mikono miwili, akaisogeza puani hapohapo mbele yangu, akanusa kwa kelele kama paka.

"Inanuka," akasema. "Lakini kidogo. Inavumilika."

Kisha akaupachika ukanda. Ua likakutana na ua, likafuata jingine, mzunguko mzima, mpaka la mwisho likaangukia mahali pake. Hakusema limekaribia. Alilizungusha tena kwa vidole, macho yamefumba.

Shaabani ilikuwa imebaki kidogo. Alishona asubuhi, jua likiwa limeingia ukumbini, akiisogeza nguo karibu na uso mpaka nikaogopa atashona kope zake. Ulipoingia Ramadhani alishona mpaka adhuhuri tu. Baada ya hapo njaa na ukungu vilimshinda. Aliumaliza ukingo wa maua, wote, hakuruka hata kiua. Akaenda kwenye nyota ya katikati, akaimaliza. Kati ya ukingo na nyota kuna pete ya vijani, nayo alifika karibu nusu. Wanawake wa mtaani walikuja kwa zamu kuomba wamsaidie. Aliwapa futari, aliwapa kahawa, sindano hakuwapa.

"Niliapa ataoa na kofia ya mkono wangu," alisema. "Sikusema ya mikono yetu."

Idi ilipofika pete ilikuwa bado. Alivishona pamoja duara na ukanda, kofia akaipiga wanga, akaivika kwenye sufuria ikauke na umbo. Ule upande ambao haukushonwa michoro yangu ya kahawia ilikuwa ingali inaonekana, vitone tu, kama njia aliyoanza mtu kuipita akarudi.

Tulikwenda Moa kwa kirikuu cha binamu na magari mengine mawili, yeye bwana harusi safari hii hakushika usukani, na njia nzima alimsumbua aliyeushika. Kofia ilimkaa kichwani imenyooka, haikuegemea popote. Alinigeukia mara kadhaa.

"Naonekanaje?"

"Kama yai."

"La bata?"

"La mbuni."

Msikitini alikaa mbele, miguu ameikunja, kadhi upande huu, baba mkwe upande ule. Nilikaa nyuma yake, na kwa sababu mimi ni mrefu kuliko minara mingi ya wilaya ile, nilikuwa naiona kofia kutoka juu. Alipoinama kuitikia, pete yote ilinigeukia. Nusu yake nyeupe yenye vijani, nusu yake vitone vya kahawia. Nilitazama kulia na kushoto. Watu walikuwa wanatazama ukanda, au mkono wa kadhi, au saa zao. Hewa ilikuwa nzito, nami uchovu wa miezi yote ukanishukia kwa pamoja, nikaitikia amina ya dua ambayo ilikuwa haijaanza.

Shangazi alikuwa upande wa wanawake, nyumbani kwa bibi harusi. Tulipokutana uani baada ya biriani, alinishika mkono wa shati akanivuta pembeni, karibu na masufuria.

"Ulikaa nyuma yake?"

"Nyuma yake kabisa, shangazi. Ilimkaa kama amezaliwa nayo. Watu wote wa Moa wameuliza kaishona nani, na wengine wamevuka kutoka ng'ambo ya mpaka—"

"Sikukuuliza ilimkaaje."

Vidole vyake vilikuwa na vishimo vya sindano kila ncha, na macho yake yalikuwa yananitafuta uso, hayauoni vizuri.

"Ilionekana?" akauliza.

"Ilionekana."

"Na nani?"

"Na mimi."

"Wengine?"

"Wengine walikuwa wanatazama pembeni."

Aliufikiria mkono wa shati langu kwa muda, akiuchezea kwa kidole gumba, akiupima upindo wake bila kujua.

"Basi," akasema. "Wiki ijayo utanipeleka hospitali. Wakishanitoa vile vitambaa vya machoni, mwanangu anivulie hiyo kofia niimalize." Akaniachia, akarudi kwa wenzake, akipapasa ukuta.